Gauni la Mfano

Saa moja na robo asubuhi ya Jumatatu nilisimama mlangoni mwa chumba cha ushonaji cha hospitali moja ya Serikali upande wa Lindi, nikiwa na barua ya ajira mfukoni na mkasi wangu mwenyewe nimeufunga kwenye gazeti. Msimamizi wa Ushonaji, mzee wa Kimakonde mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, alikuwa ameshaanza kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Mkasi wangu."

"Urudishe nyumbani. Hapa tunashonea mpaka wodi ya akili. Mkasi wa hapa una kamba na msumari wake, na jioni nauona kwa macho yangu ndipo nafunga mlango."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza. Vijana wengi siku hizi hawajui kwamba hospitali zilikuwa na mafundi cherehani wake. Tulishona mashuka, foronya, makoti ya waganga, mapazia, na nguo za wagonjwa waliolazwa. Kitambaa kilikuwa marekani, ile pamba nyeupe ngumu isiyotiwa rangi. Nguo za wodi ya akili zilikuwa na kanuni zake. Hatukuweka kamba wala mkanda, kwa usalama wa mgonjwa. Hatukuweka vifungo vigumu, kwa sababu vingine vilimezwa. Suruali za wanaume zilivutwa kwa mpira kiunoni, na mpira ulipoadimika tulikunja kitambaa na kukishonea vifungo viwili laini vya kitambaa, kimoja cha kubana na kingine cha kuachia. Wanawake walipewa gauni pana lililonyooka kutoka begani hadi chini ya goti.

Nilimuuliza Msimamizi gauni lile linapimwaje.

"Halipimwi," alisema. "Wodi haina vipimo, ina idadi. Wakikuambia ishirini, unashona ishirini."

Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Yaliyobaki nilijifundisha kwa vitabu vilivyoachwa na walimu wa elimu ya watu wazima, na kitabu kimoja cha ukataji nguo nilichokinunua kwa mbaharia kikiwa hakina jalada. Kitabu kile kilianza na sentensi iliyosema kwamba fundi hakati kitambaa kabla ya kuujua mwili. Kwa hiyo agizo la Msimamizi lilinisumbua kidogo. Lakini alikuwa bosi, na nguo zilikuwa zinahitajika.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa hospitali moja ya huku Kilwa, karibu na kwetu Miteja. Hapo nilikuwa fundi peke yangu, chini ya Katibu wa Hospitali kwa mambo ya vifaa, na chini ya Sista Msimamizi wa wodi ya akili kwa kila kilichohusu wagonjwa wake. Sista alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa macho, asiyepandisha sauti. Ndiye aliyenionyesha jambo ambalo nisingeliona kwa cherehani.

Wodi ile haikuwa na kioo cha kujitazamia hata kimoja. Kioo kinavunjika, na kipande chake ni hatari. Wagonjwa walijitazama kwenye vioo vya dirisha la ofisi ya Sista, jua likiwa upande wa pili. Asubuhi moja nilimkuta mama mmoja amesimama pale anajivuta shavu, analiachia, analivuta tena.

"Anatafuta nini?" nilimuuliza Sista.

"Anautafuta uso wake," alisema. "Sindano ya mwezi inawatuliza sauti na hofu, lakini wengine inawanenepesha haraka. Wengine mikono inakakamaa, wengine mate yanatoka. Akili ikirudi, kitu cha kwanza inachokiona ni huo mwili. Na sisi tunamwambia ashukuru."

Wakati ule sikulipa jambo hilo uzito wake. Chini ya gauni la Serikali hakuna aliyejua saizi yake. Aliyenenepa alijaza gauni, aliyekonda aliogelea ndani yake, na wote walionekana sawa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kilwa Masoko yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitenge, sabuni za kunukia, redio na vioo vikubwa vya ukutani. Mitumba ikashuka kwa marobota. Wagonjwa wa nje wakaanza kuchangia gharama za matibabu. Na siku moja Katibu wa Hospitali aliniita ofisini, akanipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Fundi, Serikali inapunguza watumishi," alisema. "Chumba cha ushonaji kinafungwa. Nguo za wagonjwa tutanunua robota."

"Na suruali zisizo na kamba?"

"Tutazikata kamba."

Nilichukua haki yangu, nikanunua cherehani ya kukanyaga kwa mguu, nikapanga kibaraza pale sokoni Masoko. Sikukaa hata mwezi Sista akanifuata.

"Robota limenishinda," alisema. "Njoo kila Alhamisi. Nitakutafutia chochote kwenye fungu la wodi."

Nilipokwenda nilielewa. Robota lilifunguliwa barazani, na kila mgonjwa akaruhusiwa kuchagua nguo yake. Ilikuwa ruhusa njema, lakini ilileta jambo ambalo marekani ilikuwa imelificha. Mtu alichukua sketi aliyoiona inamfaa, akaivuta, ikagoma mapajani. Akachukua nyingine. Kijana mmoja alishindwa kufunga jinzi, akaketi chini akalia, na mwenzake akamcheka, "Wewe tumbo lako ni la bwana shamba!" Wakapigana. Alhamisi zangu zikawa kazi ya kutanua. Kutanua ni kufumua mshono wa ubavuni na kuifungua akiba, ule upana wa ziada anaouacha ndani fundi mwenye busara. Nguo ambayo haikuachiwa akiba haitanuki. Hapo unaingiza kipande cha pembeni, kirefu na chembamba, kuanzia kwapani hadi kwenye pindo.

Hapo ndipo nilipomfahamu Mwanaidi.

Alikuwa mwanamke wa Kivinje wa rika langu, muuza maandazi kabla ya kuugua. Alilazwa mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameacha dawa mwenyewe, akaokotwa barabara ya Miteja akitembea peku, na binti yake Rehema alipomkimbilia alimuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Rehema hakulisahau swali hilo, na Mwanaidi alipopata nafuu akasimuliwa, naye hakulisahau. Tangu hapo alihudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa. Maandazi yake yalirudi barazani. Alikuwa pia amenenepa sana, na alikuwa akijifunika kanga mbili juu ya nguo hata kwenye jua la mchana.

Kwetu kumwambia mtu amenenepa ni kumsalimia vizuri. Miaka ile ilikuwa zaidi ya salamu, kwa sababu aliyekonda watu walimtilia shaka ya ule ugonjwa mpya na kumwepuka. Basi kila alikopita Mwanaidi alipokewa, "Mashallah, umenawiri!" Naye aliitika, "Alhamdulillahi," akavuta kanga.

Rehema akapata mchumba. Kama ilivyo desturi, wanawake wa familia walichagua kitambaa kimoja cha sare ya harusi, kitenge cha rangi ya samli chenye maua ya zambarau. Dada mkubwa wa Mwanaidi, Bi. Hadija, alikileta kibarazani kwangu kwa jora zima, pamoja na furushi la magauni ya mfano.

Lazima nieleze gauni la mfano. Wanawake wengi wa huku hawapendi kupimwa na fundi mwanamume, tena sokoni, maana kawaida fundi hutaja namba kwa sauti na mwenziwe huandika, na waliopo wote wanasikia. Kwa hiyo mteja hutuma gauni lake la zamani linalomkaa vizuri, na fundi hupima gauni badala ya mwili. Fundi hahoji gauni la mfano. Nilikata yote kwa kufuata furushi, kila gauni na kilemba chake cha kitambaa hichohicho. Jora likaisha lote.

Wiki mbili kabla ya harusi Sista alinitumia ujumbe nije siku isiyo Alhamisi. Nilimkuta ofisini na Mwanaidi. Mwanaidi ameketi, mfuko wa rambo mapajani, uso ameugeuzia ukutani.

"Amekataa sindano," alisema Sista. "Imeshapita siku yake."

Mwanaidi alitoa gauni kwenye mfuko, akalitupa mezani. "Fundi, hili ulimshonea nani?"

Nililigeuza. "Nilishona kwa mfano ulioletwa."

"Mfano wa nani? Mimi sikutuma mfano. Limenifika hapa," akajigusa juu ya kiwiko. "Mkono haupiti. Watoto wa dada zangu wamesimama mlangoni wanaangalia mama yao mdogo anavyohangaika na gauni kama kuku kwenye kapu."

"Mama zao waliwafukuza?"

"Walicheka kwanza. Ndipo wakawafukuza."

Sista akasema taratibu, "Mwanaidi, gauni tutalitengeneza. Sindano haingoji."

"Sindano ndiyo iliyonifanya hivi! Mnasema nimepona. Haya, nimepona. Lakini huu mwili uliopona siujui. Nikioga nafumba macho. Nyinyi mnasema nimenawiri. Mkono wangu huu ungekuwa wako, ungesema umenawiri?"

Hapo aliingia Mganga Mkuu, aliyekuwa akipita wodi. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. "Unene ni afya, mama," alisema. "Wenzako wanakonda na watu wanawakimbia. Chomwa sindano, ukamwoze mwanao."

"Mganga, wewe una kioo kwako?"

"Ninacho."

"Unajiona wewe mwenyewe ndani yake?"

Sista akavuta kiti, akakiweka mbele ya Mganga Mkuu. Alikaa.

Wakati huo Bi. Hadija alikuwa amefika, akihema kutoka stendi. Mwanaidi hakumtazama. Nilimwuliza Bi. Hadija gauni lile la mfano alilitoa wapi.

"Sandukuni," alisema. "Ni la Idi ile, kabla hajaugua. Nilichukua la siku alipokuwa mzima." Akalinyoosha gauni pale mezani. "Nilitaka harusini awe yule."

"Yule hayupo, dada," alisema Mwanaidi. "Wa kukaa mkekani na Rehema ni mimi huyu. Ama nikae na mwili huu, ama mniweke chumbani na mikeka."

Nimefikiri mara nyingi juu ya dakika zile. Kila mmoja mle ndani alimtakia mema, na kila mmoja alikuwa na mwili wake mwingine aliomtakia. Dada alimtaka wa zamani. Mganga alimtaka yeyote asiyeugua. Ni Sista peke yake aliyemuuliza, "Wewe unataka nini?"

Mwanaidi alikunja rambo mara mbili kabla ya kujibu. "Nataka Mganga anisikilize mpaka mwisho. Aseme kama dawa inaweza kupungua au haiwezi, asiseme nishukuru. Na nataka gauni linaloingia. Nikishasikilizwa, nichomeni leo. Sitaki kumuuliza mwanangu tena kwamba ni mtoto wa nani."

Walizungumza, mimi na Bi. Hadija tukiwa nje. Mganga Mkuu alitoka amechelewa zamu yake ya kupita wodi na hakukasirika. Baadaye Sista alinieleza walichokubaliana: sindano ya mwezi huo achomwe kama kawaida kwa sababu harusi ilikuwa karibu, kisha kipimo cha dawa kipunguzwe kidogokidogo, na akiona dalili yoyote arudi siku hiyohiyo. Hakuahidiwa kukonda. Aliambiwa hivyo waziwazi, na akachomwa.

Ikabaki kazi yangu. Gauni halikuwa na akiba ya kutosha, jora lilikwisha, na mwenye duka alisema kitenge kile hakipatikani kingine hadi Dar es Salaam. Pia nilihitaji kipimo, na Mwanaidi alisema hapimwi na mtu, wala namba yake isitajwe.

Nilichana utepe mrefu wa marekani kutoka kwenye shuka lililochakaa. Nikampa na chaki ya fundi. "Nenda nyuma ya pazia la Sista. Zungusha kifuani, weka alama. Kiunoni, alama. Nyonga, alama. Na mkono wa juu."

Aliutazama pande zote mbili. "Huu hauna namba."

"Hauna."

"Ukifika kwako utauweka juu ya futi?"

"Nitauweka juu ya kitambaa. Kitambaa hakijui kusoma."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akaingia nyuma ya pazia. Utepe ulirudi na mistari minne minyoofu, imekolezwa kama ya mtu aliyefunzwa. Nilikata kwa kuufuata wenyewe. Mpaka leo sijui namba ya Mwanaidi.

Vipande vya pembeni vilihitaji kitambaa, na hakikuwepo. Nilimweleza Bi. Hadija kibarazani kwangu kwamba nitatafuta rangi iliyokaribiana.

"Atajulikana," alisema.

"Kidogo, akiinua mkono."

"Harusini mtu hainui mkono? Atacheza na nini?" Akavua kilemba cha sare alichokuwa amekwisha kufunga kwa furaha ya kukijaribu. Akakikunjua juu ya cherehani. "Kata."

"Bi. Hadija, wewe ndiye dada mkubwa. Utakaa mbele bila kilemba cha sare?"

"Kata, Fundi, kabla sijabadili mawazo."

Kilemba kilitosha pande zote mbili na mikono. Niliyapanga maua ya zambarau yapokeane kwenye mshono, kazi iliyonichukua asubuhi nzima, na ndani nikaacha akiba nene kuliko nilivyowahi kuacha kwenye gauni lolote, ili liweze kutanuka au kupunguka mwili utakavyoamua.

Harusini nilikuwa upande wa wanaume, kwa hiyo niliyoyasikia nimeambiwa na mke wangu. Mwanaidi alikaa mkekani na Rehema tangu mwanzo hadi mwisho, bila kanga ya juu. Bi. Hadija alijifunga mtandio wa kijani. Shoga zake wakamtania, "Hadija, wewe wa upande wa bwana harusi nini? Sare yako iko wapi?" Akawajibu, "Inacheza ile pale," akamnyooshea mdogo wake kidevu.

Kuanzia hapo, kila Alhamisi, nilipima wodi nzima kwa tepe za marekani zisizo na namba. Mgonjwa aliyeweza alijipima mwenyewe. Asiyeweza alipimwa na Sista. Niliendelea hivyo chini ya Masista wawili waliofuata, hadi macho yangu yalipokataa kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani na nikaikabidhi kwa mwanangu.

Vijana mnaoingia katika kazi za kuhudumia wagonjwa wa akili, sina elimu ya dawa ya kuwapa. Nawaambia nilichokiona. Mtu anaweza kurudiwa na akili na bado akashindwa kuishi na mwili aliorudishiwa, na akaiacha dawa kwa sababu hiyo peke yake, huku nyinyi mkimsifu. Msimsifu mwili wala msimcheke. Muulizeni. Mwanaidi hakuja kuupenda mwili wake. Mwaka ule ulipungua kidogo, baadaye ukarudi, nami nikapunguza na kutanua gauni lilelile. Lakini sindano hakuiacha tena, na wajukuu zake anawajua wote kwa majina.

Nimebakiza siku aliyokuja kibarazani kuchukua gauni. Aliingia nyuma ya pazia langu, akakaa humo muda mrefu, nikaanza kuogopa. Akatoka amelivaa, akainua mikono yote miwili juu, akageuka.

"Limeingia," alisema. "Lakini bado sijipendi, Fundi."

"Hilo silishoni mimi. La kwangu ni likuingie."

Akacheka mpaka muuza nyanya wa jirani akachungulia. Kisha akafungua pindo la kanga alilofungia fedha.

"Kiasi gani?"

"Nenda, mama bibi harusi. Hilo ni bure."

"Bure ni ya wagonjwa," alisema. "Mimi hapa ni mteja. Taja bei."

"Haya. Elfu moja."

"Elfu moja! Kwa kitambaa cha dada yangu, na kipimo nimejipima mwenyewe? Mia tano."

"Maua yamepokeana, angalia. Mia tisa."

"Mia sita, na maandazi kesho."

"Mia nane, maandazi ule mwenyewe."

Alinitazama kwa jicho la mwanamke wa sokoni aliyezaliwa Kivinje, akazihesabu noti na sarafu juu ya meza ya cherehani, akaondoka na gauni mwilini bila kungoja nikubali. Shilingi mia saba.